Bakuli la Asali la Fakhriya

Mwaka 1934 Fakhriya binti Sheikhan alikuwa na haja moja tu duniani: mumewe anenepe. Hakutaka mkufu mpya, wala safari ya Maka, wala nyumba ya mawe. Alitaka kanzu za Nasor zimjae kama zamani, na wanawake wa Kariakoo wafunge midomo yao.

Alizaliwa mjini humuhumu wakati wa Mjerumani, binti wa muuza kahawa aliyetoka Oman akiwa mtoto mgongoni mwa mamake. Akaolewa na miaka kumi na sita. Nasor wakati huo alikuwa kijana wa mabega mapana na mashavu yaliyojaa, mpika halua pale Msimbazi, hatua chache kutoka sokoni. Ule mwili wake ndio uliokuwa tangazo la duka. Tena alikuwa na ada aliyoirithi kwa babake: kila mteja akija, yeye kwanza anakata kipande, anakila mbele ya macho ya mteja, anasema "Bismillahi, karibu," ndipo anapima. Mteja akiona mwenye mali anakula mali yake kwa raha, naye anafungua mfuko. Siku ya sikukuu Nasor alikula vipande arubaini, na watu wakasifu.

Halafu akaanza kukonda. Kabla ya kukonda alianza kunywa maji. Mtungi uliokuwa ukiwatosha siku mbili ukawa haufiki adhuhuri. Akawa haishi kwenda chooni, na chooni wakajaa sisimizi, safu kwa safu. Fakhriya akawamwagia majivu, akamaliza. Nani angemwambia kwamba wale wadudu walikuwa wanasema kitu? Mimi simlaumu kwa hilo. Lawama yangu naiweka kwingine, na nitafika.

Lililomchoma Fakhriya lilisemwa kwenye harusi, Mtaa wa Kongo, wanawake wamekaa jamvini wanasubiri pilau. Waridi, jirani yake mshona kofia, mwanamke asiyeweza kukaa na neno tumboni, alimgeukia mbele ya wote.

"Mama Hind, mumeo unamfungia chakula? Mbona kanzu inampwaya hivyo? Au wewe ndiye unayekula sehemu yake?"

Wakacheka. Fakhriya naye akacheka, maana angefanyaje, lakini roho ilimwaka moto. Mji huu una dasturi hiyo mbaya: mwanamume akikonda, anayehukumiwa ni mkewe. Mwili wa mume ndio cheti chako. Hakuna anayeuliza mtu ana maradhi gani, wanauliza nani anampikia.

Kesho yake asubuhi likaanza bakuli. Bakuli la udongo, rangi ya buluu, asali ya nyuki wadogo mpaka nusu, samli juu yake, na mayai mawili yaliyopigwa. Nasor analikuta mkekani akitoka kuswali. Saa nne anapelekewa dukani uji wa ngano wenye sukari na maziwa. Jioni ni tende, na wali wa nazi wa kutosha watu watatu. Fakhriya alisimama pale pale mpaka bakuli liwe tupu.

"Kula, Baba Hind. Jicho limekupata, lakini jicho haliwezi kushindana na asali. Asali ni dawa, imo ndani ya Kitabu."

Nasor alikuwa akimtazama, anatazama bakuli, halafu anakula. Kila siku kwa miaka miwili.

Sasa hapa ndipo ninapoweka lawama. Kwa sababu Nasor alikuwa anajua.

Wiki tatu kabla ya ile harusi, kiu ilipomzidi, alikwenda hospitali peke yake bila kumwambia mtu. Pale palikuwa na dresa mmoja anayeitwa Aristides, Mkristo, mtu wa makamo, fundi wa kusafisha vidonda na mwenye subira. Alimpima mkojo, akaupasha moto na dawa ndani ya kichupa mpaka ukageuka rangi, akamwita pembeni.

"Mzee Nasor, una ugonjwa wa sukari. Damu yako imejaa sukari mpaka inatoka na mkojo, na mwili unashindwa kuitumia. Hauambukizi, na hukurogwa. Lakini hauondoki, ni wa kuishi nao. Acha halua, acha asali na tende, punguza wali. Kula samaki na mboga. Kila siku tembea kwa miguu mpaka Mnazi Mmoja na kurudi, usikae tu kwenye kiti cha duka. Na miguu yako uitazame kila usiku, maana ugonjwa huu unaiua hisia yake. Ukifuata haya, unaweza kuishi miaka mingi."

Hayo yalikuwa maneno ya kumwokoa mtu, na hayakugharimu hata senti. Nasor akashukuru, akarudi dukani, na mteja wa kwanza alipoingia akakata kipande akakila.

Basi akanyamaza. Akanyamaza mwaka wa kwanza, akanyamaza na wa pili. Alipoanza kuona ukungu machoni alisema ni moshi wa tanuri. Miguu ilipoanza kufa ganzi akaifanya sifa: alikuwa akisimama peku karibu na makaa, akiwaambia wateja kwamba mpika halua wa kweli moto haumtishi. Watu wakastaajabu. Wengine wakasema ana karama.

Siku moja, mwishoni mwa mwaka 1936, Fakhriya alimpelekea uji na kabla hajavuka kizingiti akasikia harufu ya nyama inayoungua. Nasor amesimama anakoroga sufuria, anazungumza na mteja, na chini ya unyayo wake wa kulia kuna kaa jekundu. Hakujua. Fakhriya alipiga ukelele, Nasor akatazama chini, akaliondoa kaa kwa kidole cha mguu, akacheka.

"Mama Hind, usinitie haya mbele za watu. Moto na mimi tumezoeana."

Kidonda hakikupona. Fakhriya alikifunga kwa majani, kikachimba. Mwezi haujaisha mguu ukawa mweusi mpaka kifundoni, na harufu yake ikawafukuza wateja kwanza, kisha majirani. Akapakiwa rikisho, kile kigari cha kukokotwa na mtu, akapelekwa hospitali.

Asubuhi ya pili Fakhriya akaja wodini na buibui lake na bakuli limefunikwa kawa. Amekaa anamlisha mumewe kijiko cha tatu, Aristides akapita na sinia la bandeji. Akasimama.

"Bibi, unampa nini?"

"Asali. Anahitaji nguvu."

Aristides alimtazama Nasor, si yeye. "Mzee, hukumwambia?"

Nasor akageuza uso ukutani. Ikabidi dresa aeleze mwenyewe, taratibu, kwa heshima, kila alichomwambia mgonjwa miaka miwili nyuma. Fakhriya alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kijiko ndani ya bakuli.

"Ulijua," alimwambia mumewe. "Kila asubuhi nakuwekea mbele yako, na ulijua."

"Ningesema nini, Fakhriya? Kwamba mpika halua haruhusiwi halua? Ada ya kuonja ingekufa, watu wangesema nimeweka kitu ndani ya sufuria ninachokiogopa mwenyewe. Duka lingefungwa."

"Mimi si watu! Mimi ningekupikia samaki! Ningekupikia mchicha mpaka ukauchukia!"

"Ulikuwa na furaha ukinilisha," alisema Nasor. "Sikutaka kuuvunja moyo wako."

"Kwa hiyo ukanifanya mimi niwe muuaji wako."

Alhamisi wakamkata mguu chini ya goti. Na duka lilifungwa vilevile, maana mtu wa mguu mmoja hawezi kusimama na sufuria ya ratili sitini. Ile siri haikuokoa hata kipande kimoja cha halua.

Nasor akarudishwa nyumbani, na nyumba ikabadilika. Fakhriya akawa askari. Aligawa sukari yote ya nyumbani, akatoa tende, akampikia dagaa na majani ya kunde, wali akampimia kwa kikombe. Mguu uliobaki akaukagua kila siku, kidole kwa kidole. Lakini alifanya hayo yote bila kumsemesha zaidi ya lazima. Alimpenda, na hakumsamehe, na vyote viwili vilikaa ndani ya kifua kimoja vikipigana. Binti yao Hind alikuja kutoka Bagamoyo kusaidia, akakuta nyumba yenye baridi kali.

Walichelewa. Masika yalipoanza kidonda kikatokea kwenye kisigino cha mguu wa pili, na macho yakazima kabisa. Aristides akawa anapita nyumbani kumfunga bandeji akitoka kazini. Akiingia yeye, Fakhriya na Hind hutoka wakaingia jikoni, kama ilivyo desturi mwanamume wa kando anapokuwa chumbani. Kwa hiyo alichosemezana na mgonjwa wao hawakukisikia.

Alhamisi moja baada ya alasiri, dresa amekwisha ondoka, Nasor alimwita mkewe.

"Mama Hind. Nipe asali. Kijiko kimoja tu, nina hamu nayo."

"Hakuna asali."

"Aristides ameniruhusu. Amesema daktari hana tena la kufanya, nile roho inachotaka."

Fakhriya alisimama juu yake, akautazama ule uso uliobaki mifupa. Miaka miwili mtu huyu amekaa mbele yake kila asubuhi akimdanganya kwa mdomo uliojaa.

"Muongo wewe," akasema. "Hunipati mara ya pili."

"Wallahi, Fakhriya. Safari hii ni kweli."

Akamletea bakuli la samaki. Nasor hakuligusa. Aliomba tena Ijumaa, na tena Jumamosi asubuhi, kwa sauti ndogo kama mtoto anayejua atanyimwa. Fakhriya akakataa kwa uchungu, akijiambia kwamba huku ndiko kumwokoa. Jumamosi adhuhuri Nasor akafa.

Siku ya tatu, matanga yanaanuliwa, Aristides alikuja kutoa pole. Fakhriya alikuwa kwenye eda, haonani na wanaume, kwa hiyo dresa akasimama nje ya pazia, kofia mkononi, na Hind akasimama mlangoni kati yao.

"Mpeni pole mama," alisema Aristides. "Alimtunza vizuri mno, sijaona mgonjwa aliyetunzwa hivyo. Siku ile ya mwisho nilipokuja nilimwambia ale chochote anachotaka, maana daktari alishasema hakuna dawa tena. Akafurahi sana mzee, akataja asali. Naomba kujua tu, aliipata?"

Hind akageuka, akamtazama mama yake ndani ya pazia.



"Mwambie aliipata," akasema Fakhriya.

Hind akamwambia.