Kijana Wangu Alijitafutia Babu wa Simenti

Jina la mama huyu tumelificha, na la kijana wake pia. Msomeni mpaka mwisho ndipo mumjibu.

Salamu zenu wasomaji. Mimi ni bibi. Miaka yangu siijui kwa hakika, ila nilipokuwa msichana barabara ya Koboko ilikuwa bado inachimbwa na wafungwa kwa majembe. Naishi Arua. Shule sijakanyaga; mimi naongea, jirani yangu anaandika, na kila mara ananiomba nipunguze matusi.

Nimezaa mtoto mmoja tu, wa kiume. Aliyenipa mimba alikuwa mwuza chumvi mpita njia, hakulipa mahari hata kuku. Kwetu Dranya mtoto wa namna hiyo ni wa babu yake mzaa mama. Kwa hiyo baba yangu ndiye aliyempa jina, akambeba begani kwenda shambani, akamtafunia nyama kabla hajaota meno. Hakuna mtu aliyempenda yule mtoto kama yule mkulima.

Kijana akakua, akaingia jeshini. Miaka ile baada ya wanajeshi kushika serikali, sabini na moja, mnaikumbuka wenyewe. Mwenye babu askari wa Kinubi, wale waliotoka Sudani zamani na bunduki zao, alipanda cheo haraka, akapewa duka la Mhindi aliyefukuzwa nchini. Mwenye babu wa jembe alibaki kulinda geti. Basi kijana wangu akaanza kutafuta babu kama mtu anayejaribu viatu sokoni.

Akaenda ofisini, akafunguliwa ramani ya zamani, ya wakati Wabelgiji walikuwa wanashika upande wetu huu. Kijiji chetu hakimo, pameachwa peupe. Akarudi anacheka: "Mama, unaona? Dranya yenu hata haiko." Nikamwambia, basi nilizaliwa pasipokuwapo, na wewe ulitoka wapi?

Akatafuta tena kwenye karatasi za Waingereza za kuhesabu watu. Huko akakuta jina la baba yangu ndani ya boma la sajini mmoja wa Kinubi hapa Arua. Ni kweli baba alikaa pale kabla hajaoa. Alikuwa anawakatia kuni. Karani wa kuhesabu alisimama mlangoni, akamuuliza mwenye boma majina, na wote waliolala humo akawaandika kuwa watu wake: watoto, wapishi, mkata kuni. Sajini alimpa baba kanzu na jina la Kiislamu kama alivyowapa vijana wengi. Kisha baba akarudi Dranya, akaoa, akalima mtama na muhogo mpaka akafa, kijana wangu akiwa bado mdogo. Haya yote nilimweleza kijana. Akasema, "Wewe hapana soma, karatasi ndiyo inajua."

Akalitafuta kaburi la yule sajini, akaamua kulijengea kwa simenti na kuandika juu yake "Babu Yetu". Akachinja ng'ombe, wazee wa Kinubi wakaja, wakala, wakamwita mjukuu.

Lakini simenti inataka mawe ya msingi. Kwetu mzee anazikwa uwanjani, na kila mtoto au mjukuu akirudi kutoka safari anabeba jiwe analiweka pale. Rundo la baba lilikuwa limefika kiunoni. Kijana alikwenda Dranya na lori la jeshi, wakayapakia yote. Kaka yangu, ambaye ndiye anashika boma la baba, alisimama anatazama. Bunduki ziko, utasema nini? Kijana alimwambia, "Mjomba, hii ni mawe tu." Na mengine aliyaweka yeye mwenyewe akiwa mdogo, kwa mikono yake, mimi nikimshikilia asianguke.

Kaka akafagia pale pakawa sawa na uwanja. Nilipokwenda kumwomba radhi alinipa maji ya kunywa, neno hakunipa.

Sasa ni sabini na tisa, serikali imeanguka. Waliojiita wajukuu wa askari wanawindwa barabarani. Kijana wangu amevua magwanda. Alikwenda na nyundo kufuta maandishi kwenye lile kaburi, akafukuzwa na wenye kaburi. Akaja kwangu, akasema: "Mama, sema mimi iko mtu ya Dranya. Wewe unajua." Alipolala leo sisemi.

Nikaenda kwa kaka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Dada, mtoto yako iko na babu kule Arua, babu ya simenti. Kwangu anatafuta nini?"

Nikapiga magoti, mzee mzima mimi. Halafu akasema desturi iko: aliyepotea akirudi, anapiga magoti mwenyewe kwenye kaburi la babu, anataja jina, anaweka jiwe. "Akiweka kwa baba, analala hapa, na mutu akimtaka atanipitia mimi kwanza. Akiweka kwa uwanja mtupu, aende zake. Na wewe usimwonyeshe. Apa kwa jina ya baba." Nikaapa.

Tangu pafagiwe, anayejua pale mahali ni kaka na mimi tu. Kila asubuhi kijana ananiuliza, mama, kaburi liko wapi? Mtu aliyecheza juu yake utoto wote, na mawe yake akayapakia mwenyewe! Namtazama, natamani kumpiga kofi, halafu namwekea chakula.

Baba namjua. Angemshika mkono akamwonyesha mwenyewe. Lakini niliapa kwa jina lake, na mimi nachoka kuwasamehe watu kwa niaba ya marehemu. Nikisema, nimemwibia baba mara ya pili, baada ya yale mawe, na kaka ataliona usoni kwangu. Nikinyamaza, mwanangu anarudi barabarani, na huko wanajua sura yake.

Msimtukane, kumtukana ni kazi yangu. Kaka ameweka Ijumaa iwe siku ya jiwe. Nyinyi mlio na watoto, na mlio na makaburi ya wazee wenu, nishaurini: kinywa changu nikifungue au nikifunge? Nifanye nini?