Hodari wa Kufa

Miaka sita jirani yangu alizunguka na maonyesho ya Wazungu ya kuigiza vita vyao nasi wenyeji wa nyika. Kazi yake ilikuwa kupigwa risasi kila alasiri. Sasa karudi kwetu Pine Ridge, eneo tulilotengewa wenyeji, lakini kushuka farasi kama watu hawezi: hushika kifua, hugeuza macho, huanguka taratibu, mkono mmoja umebana kofia isichafuke.

"Amka, mzee, umekufa vya kutosha, supu inapoa," mkewe Wastewin humwambia.

Jana, kwenye mgao wa nyama ya serikali, farasi alishtuka akamtupa kweli. Sote tukapiga makofi. Wastewin peke yake alikimbia, maana aliona kofia inabingirika.

Mzee akafumbua jicho moja. "Leo nimekufaje?"

"Hovyo," Wastewin akajibu huku akilia. "Kofia umeiacha."