Injini Iliyosafiri kwa Vipande

Philipo alikuwa amechoka hata kabla hajainunua ile injini. Miaka sita ya kulinda mlango wa hoteli pale Al Sadd, jijini Doha, usiku kucha wima, na asubuhi kurudi Al Mansoura kulala kwenye chumba cha watu sita wenye zamu zisizofanana. Mtu akikwambia amezoea, ujue anajidanganya. Lakini kule nyumbani ziwani, kisiwani Mfangano, mke wake, Phoebe, alikuwa akivusha abiria kwa makasia. Mashine ya boti yao ilikuwa imeungua kichwa, yaani ile injini yenyewe ya juu. Mguu wake, ile sehemu ya chini yenye propela, ulikuwa bado mzima. Kilichotakiwa ni kichwa tu, na Philipo, aliyekuwa fundi wa mashine za wavuvi kabla ya kuwa mlinzi, akaapa kwamba atakileta mwenyewe na yeye ndiye atakayevuta kamba ya kwanza.

Alikipata Sanaiya, mtaa wa viwanda, kwenye yadi ya vyuma vikuukuu. Kwa macho kilikuwa kizuri. Akaziba tundu la plagi kwa kidole gumba, akazungusha, kidole kikasukumwa kwa nguvu. Akaridhika, akakifunga kwa shuka, akakipakia kwenye teksi.

Chumbani, mmoja wa wale wenzake, Hassani wa Tanga, alikitazama akacheka mpaka akakaa chini.

"Ndugu yangu, wewe ni mtu wa ziwa kwelikweli! Hiki kimeishi baharini. Umezitazama njia za maji?"

Hakuwa amezitazama. Kwao ziwani hakuna fundi anayeiwazia chumvi. Alipokifungua, njia za maji ya kupoza injini zilikuwa zimeziba, nyeupe tupu, na boliti zimeng'ang'ania. Kwa miezi mingi aliloweka vipande kwenye ndoo ya siki chini ya kitanda, chumba kizima kikinuka kachumbari iliyochacha, wenzake wakimsema kila wanapoingia. Anatoka zamu, anakwangua kidogo, usingizi unamwangusha bisibisi ikiwa mkononi. Akabadilisha ringi, beringi na gasketi. Akakiunga chote, akakizungusha kwa mkono, kikazunguka laini. Kisha akakifungua tena chote, na kazi hiyo ilimuuma kuliko zote.

Angefanyaje? Ofisi ilikuwa imeisogeza likizo yake mara mbili. Na Doha mtu akienda nyumbani hubeba vifurushi vya wenzake, hiyo haina mjadala. Loice akaondoka na kabureta katikati ya nguo za watoto. Henry akabeba pistoni ndani ya soksi. Kimoja kimoja, vipande vikafika Mfangano, na Paul, mdogo wake Philipo, akawa anavipanga juu ya gunia.

Likabaki bloku, lile pande zito la chuma linalobeba vipande vingine vyote. Hilo Philipo alijiwekea kwa makusudi. "Hilo litakuja nami," alimwambia Phoebe kila walipozungumza. Likakaa chini ya kitanda mwaka mzima, limepakwa oili lisishike kutu. Mara ya tatu likizo yenyewe hakuiomba. Alikuwa amechoka kuomba. Maadamu bloku lipo pale chini, alijiona bado yuko njiani.

Ndipo Levis, mwenzake wa kitanda cha juu, akapata tiketi.

"Buda, mimi sina mzigo mob, begi langu ni nusu tupu. Leta hiyo bloku nikupelekee."

"Zii. Hiyo nitabeba mwenyewe."

"Utabeba lini? Ama unataka kuendesha boti hapa ufukweni Corniche?"

Philipo akachungulia chini ya kitanda. Alikumbuka simu ya mwisho, Phoebe akisema bega moja siku hizi haliwezi hata kuinua sufuria. Akainama, akalivuta bloku, akamkabidhi Levis. Pale lilipokaa pakabaki alama nyeusi ya oili kwenye vigae, na hakuifuta.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, alikuwa ndio kwanza anafungua vifungo vya sare simu ilipolia.

"Baba Damaris, sikiliza," Phoebe akasema.

Akasikia upepo, watu wakipiga kelele, kisha kamba ikivutwa. Injini ikakohoa. Ikavutwa tena, ikakohoa. Mara ya tatu ikawaka, ikashika. Philipo akatega sikio kama fundi. Haikatiki. Haigongi.

"Maji yanatoka?" akauliza kwa sauti kubwa.

"Yanatoka! Paul anasema yanatoka vizuri!"

Machozi yakamtoka, akageukia ukuta Hassani asimwone. Alifurahi, ni kweli. Alimwonea wivu pia Paul, aliyeiunga injini na kuivuta ile kamba ya kwanza, na wivu huo ulimuuma.

Phoebe akasogea mbali na kelele. "Injini imefika yote," akasema polepole. "Miaka hii umekuwa ukiniambia utakuja nayo. Sasa iko hapa. Wewe utakuja na nini?"

Philipo akaitazama ile alama nyeusi ya oili kwenye vigae.

"Nitakuja mikono mitupu, Mama Damaris."

"Basi njoo hivyo hivyo."

Alikitazama kitanda, mwili wote ukidai usingizi. Kisha akafunga tena vifungo vya sare, akavaa viatu ambavyo vilikuwa bado na joto la mguu, akaenda ofisini kuomba likizo.