Kaka Mtu Tuliyemsomea Fatiha

Anayetaka ugomvi aiseme vibaya ile gemu mbele yangu. Ina sehemu saba, nimezicheza zote, na Kiingereza ninachojua imenifundisha yenyewe, maana shule niliishia la saba.

Hapa Masoko kuna banda la gemu la mama mmoja anayekaanga maandazi mlangoni. Mmoja anacheza, kumi wanatazama, na mimi nasimama pembeni ya TV natafsiri. Wale wa kwenye kioo wakifungua mdomo, nami nafungua wangu. Hadithi ni ya ndugu wawili, mtu na kaka yake, waliochomewa kijiji wakakimbia.

Wakosoaji hawakosekani. Sehemu ya kwanza baba yao kafa vitani, ya tatu kafa kwa homa. Kijiji kimeungua chote, ya nne tunakikuta na mapaa yake. Aliyeongoza kunichokoza ni rafiki yangu mkubwa, mtoto wa wakulima wa korosho wa Kiranjeranje.

"Mkalimani, huyu mzee anakufa mara ngapi?"

"Kwani bibi yangu kule Kisiwani akihadithia mambo ya masultani, ya jana na ya leo yanalingana? Na tunasikiliza!"

"Bibi yako hauzi sidii."

Watu wakacheka. Mimi nikamkunja shati. Ndivyo nilivyo.

Ila sehemu ya pili rafiki yangu hakuikejeli. Mwishoni kaka mtu anabaki darajani peke yake, panga juu, anazuia maadui ili mdogo wake avuke. Picha ikasimama hapohapo. Watu wote wananitazama mdomo. Nikasema, "Hapo ndo anakufa. Daraja linakatika, maji yanamchukua."

Rafiki yangu akaangua kilio. Sote tulijua. Kaka yake wa tumbo moja alifariki mwaka ule, na msibani hakutoa chozi, mpaka wakubwa wakasema ana roho ngumu. Sasa analia mbele ya TV. Mwenzetu mmoja akasema tumsomee Fatiha. Tukasoma, mikono juu, na hakuna aliyeuliza tunamsomea nani.

"Fatiha kwa mtu wa kwenye TV? Astaghfirullah!" mama akafoka. Kisha akapitisha sahani ya maandazi, hakutudai.

Mpaka leo nikikumbuka ile siku mwili unanisisimka. Maneno yangu tu yale!

Mwaka uliofuata, ya tatu na ya nne tumeshazimaliza, ikaja sehemu ya tano. Hata hatujakaa vizuri, mlango unafunguka kwenye kioo, anaingia kaka mtu, ndevu tele, anaomba maji ya kunywa.

"We! Huyu si mlimsomea Fatiha?" mama akasema, na mwiko wake mkononi.

Banda zima likalipuka kwa kicheko. Rafiki yangu hakucheka. Alinigeukia.

"Haya. Mtetee na huyu."

Ningeweza kusema gemu imejichanganya tena. Wote wangekubali, na mimi ningebaki na heshima yangu pale pembeni ya TV. Lakini kuisingizia gemu yangu, kumdanganya mtu wangu, vyote kwa mpigo? Siwezi.

"Gemu haina kosa," nikasema. "Ile sidii ilikuwa na mikwaruzo, ikaganda. Daraja sikuliona likikatika. Mimi ndo nilimuua, sikuwa na mwisho wa kuwapa."

Mafuta yanachemka mlangoni. Nikajua leo napigwa, na nikajua sirudishi.

"Kwa hiyo siku ile nililia maneno yako," akasema.

"Yangu."

Akaiweka chini pedi aliyokuwa anachezea. Akamwangalia yule mtu wa ndevu, amesimama na kikombe chake, anasubiri tubonyeze. Akamwangalia kweli, kama anavyoangaliwa mgeni wa nyumbani.

"Sasa muda wote huo alikuwa wapi?"

"Gemu haisemi."

"Sijaiuliza gemu."

Yule yule niliyemdanganya ananirudishia kazi. Nikasogea pembeni ya TV, safari hii hakuna anayeongea kwenye kioo, nikaanza: maji hayakumchukua, alishika mzizi, akatoka upande wa pili akiwa hajui jina lake. Rafiki yangu akavuta kigoda, akakipa kioo mgongo, akanisikiliza mimi.