Nyota ya Mlango wa Msikiti Wetu, Muyinga

Enzi zetu, wenzangu tuliokulia Muyinga, karibu na mpaka wa Tanzania, wakati wakimbizi walipokuwa wakirudi makwao, mchezo ulikuwa na sheria, na sheria haikujali umri wa mtu. Tulichora vyumba vinane vumbini kwa kijiti, tukatupa kigae, tukaruka kwa mguu mmoja. Aliyekanyaga mstari alimwachia mpinzani wake kigae chake, na hakwenda kumlilia mama yake.

Vigae tulivipata kwa baba yangu, fundi wa kupamba misikiti. Shehena ya karo, vile vigae vya rangi vya kubandika ukutani, aliyoagiza Tanzania ilifika imevunjikavunjika. Watu wakampa pole, yeye akacheka. Aliketi chini na patasi na nyundo ndogo, akachonga vile vipande vya buluu na vyeupe, akaunda nyota za pembe nane, akazipanga juu ya mlango wa msikiti hadi ukizitazama kichwa kinakuzunguka kwa furaha. Mpaka leo nikinusa sementi mbichi natamani maandazi ambayo mama alituletea pale kazini.

Siku moja kabla ya Idi ilibaki nyota ya katikati, na moyo wake ulipaswa kuwa kipande cha kijani, cha pekee katika shehena yote. Mimi nilikiona kando ya rundo la mabaki, nikadhani ni takataka, nikakichukua mchezoni. Kiliteleza kama sabuni! Niliwashinda wenzangu watatu, kisha nikakanyaga mstari mbele ya Goreti, na kijani changu kikaenda. Goreti alikuwa jirani yetu. Familia yake ilikuwa imetoka kambi ya wakimbizi Tanzania, ikingoja kurudishiwa shamba lao la Mwakiro.

"We Mwajuma, iko wapi ile karo ya kijani?" baba aliuliza.

Nilisema kweli, enzi zetu uongo ulikuwa na fimbo yake. Tukamwendea Goreti uwanjani mwa msikiti, penye vyumba vyetu.

"Shikamoo, fundi," alisema, ngumi ameificha mgongoni. "Kigae hiki nimekishinda. Ukikitaka, ruka."

Mama, aliyekuja na wenzake kufagia uwanja kwa ajili ya Idi, akaziba mdomo kwa kanga. Baba alimtazama yule binti, akasema, "Mutoto anasema haki," akapandisha kanzu, akavua viatu.

Wenzangu! Mtu aliyetukataza hata kukimbia karibu na msikiti aliruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Waliokuja kufagia wakatupa mifagio. "Papa Mwajuma, inua goti!" "Angalia mustari, fundi!" Katika chumba cha saba kofia ikamponyoka, akainama kuidaka, na mguu wa pili ukashuka juu ya mstari. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

"Ni kofia tu, fundi. Rudia," Goreti alisema.

"Hapana. Nimeshindwa."

Akarudi kwenye ngazi yake, nyota ikiwa na tundu. Goreti akatoka mbio, akarudi na kipande cha sahani ya mama yake, nyeupe yenye ua jekundu, iliyovunjika ndani ya lori wakirudi nyumbani. "Hiki hakikuchezwa," alisema. "Nakupa." Baba alikichonga, kikaingia. Asubuhi ya Idi kila aliyefika aliinua kichwa, na Goreti alisimama njiani akiwaonyesha wapita njia nyota "yetu".

Siku hizi karo hununuliwa dukani, zote sura moja, zikabandikwa kabla ya adhuhuri. Na watoto je? Mwezi uliopita nilitoka Gitega, ninakoishi, nikawapeleka wanangu wauone mlango ule. Baba hayupo tena, nyota ipo. Waliipiga picha, wakarudia simu zao, kwa kuwa mchezo wao wahitaji kidole gumba tu. Hata uwanja wa msikiti, uliokuwa vumbi tupu, umefunikwa karo za kijivu. Nilinung'unika asubuhi nzima.

Goreti, ambaye sasa analima Mwakiro, alisikia kwamba nimefika, akaja. Baada ya kukumbatiana alifungua fundo la kitenge chake. Kijani!

"Nipe, dada yangu," nilimwomba.

"Nikupe? Kishinde."

Sikuwa na kijiti, wala vumbi la kuchora. Lakini zile karo za dukani, nilizokuwa nikizisema vibaya, zilikuwa zimejipanga mbele yetu, chumba baada ya chumba. Wanangu wakainua macho kutoka kwenye simu.

Nikapandisha gauni, nikavua viatu.