Milango ya Makaa Darini

Wiki iliyopita nilipanda darini, kwenye paa bapa la nyumba yetu Mji wa Kale, kumwonyesha fundi pa kumwaga saruji. Harufu ya maembe ya achari ikanipokea, ingawa hakuna anayeyaanika tena. Basi nikaukumbuka mchezo wetu, ndugu yangu, na jinsi nilivyomshuku kila mtu.

Binamu yetu alikuja likizo kutoka ng'ambo na mchezo wa kusimulia: mmoja anaunda ulimwengu, wenzake wanaingia humo wakiwa mashujaa, na dadu inaamua nani anapona. Alipoondoka na kitabu chake cha kanuni za mchezo alituachia dadu, nasi tukajitungia mchezo wetu. Nilichora kwa makaa, kwenye sakafu ya dari, mji mzima ulio chini ya Ndia Kuu, njia kuu ya mtaa wetu, na kwenye barabara ya Makupa nikaweka jitu linalomeza malori. Wachezaji wangu walikuwa dada yangu na rafiki yetu wa Bondeni. Dadu tuliificha ndani ya kopo la halwa, maana Bibi aliiona siku moja tu akapiga kelele, "Kamari hiyo! Kwangu haikai."

Kisha milango ikaanza kuota. Jioni namwacha shujaa amezingirwa na kuta, kesho nakuta pamechorwa mlango. Dada nilimkagua vidole, nikitafuta masizi, nisiyaone. Mlango ulipotokea palepale aliponaswa shujaa wa rafiki yetu, nikamwita mdanganyifu. Akakana, akashuka ngazi, akasema harudi tena. Bila yeye mchezo ulikufa, nami roho iliniuma, lakini kama si yeye, nani?

Siku ya pili, baada ya alasiri, nikajibanza nyuma ya tangi la maji. Akapanda Bibi kugeuza maembe yake. Akatazama huku na huku, akaokota kaa, akapiga magoti yake mabovu, akanong'ona bismillahi na kuchora mlango.

Sikumfichua. Nilikimbia Bondeni nikaomba radhi, nikamsingizia jini wa tangi. Rafiki yetu alinitazama kwa shaka, lakini alirudi.

Asubuhi Bibi alikuwa akigeuza mahamri. Akaniuliza bila kuinua macho, "Yule wa Bondeni, ametoka kule ndani?"

"Ametoka, Bibi."

"Alhamdulillahi. Na wewe, mbona huwawekei ndia wana wa watu?"

Bibi hayupo tena, na dada yuko mbali kwa mumewe. Kabla saruji haijamwagwa, niliokota kaa nikachora mlango mmoja pale alipokuwa akianika maembe yake. Fundi akanikodolea jicho la shaka, nami nalijua vizuri jicho hilo.

"Huo wa nini?"

Nikamwambia amwage tu, nikageuka asinione machozi.