Walimlisha mama yangu kwa upendo mpaka mkono wake ukafa

Wakuu, kwa wachache humu mnaonizidi umri, shikamooni. Sidhani kama mpo. Wengine wote shikamoo zenu nimeshazipokea, marahaba.

Mimi ni bibi kizee, mzaliwa wa Tabora mjini, enzi za Mwingereza. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia akaunti humu. Akanionya kwamba kuna wajuaji na watu wa matusi. Nikamwambia mimi nimeishi na mawifi, wataniambia nini ambacho sijaambiwa.

Ninayoandika yametokea nyumbani kwetu, mbele ya macho yangu. Sina sababu ya kutia chumvi. Wahusika wote wameshazikwa, nimebaki mimi.

Kilichonichokoza ni uzi wa kijana mmoja humu humu. Aliandika kuhusu tafiti mpya za kiharusi. Kwamba ubongo ulioumia unaweza kujifunza upya. Kwamba mgonjwa, daktari akisharuhusu, aanze mapema kuinuka na kukitumia kiungo kile kile kilicholegea, maana kisipotumika ubongo unakisahau. Na kwamba hata sisi tunaojiita wazima, kushinda tumekaa kitako kunatuharibia mishipa na kichwa pia.

Mkampongeza kwa elimu mpya.

Mpya kwenu. Mimi nilizima simu nikakaa na hasira zangu mpaka chai ikapoa.

Ngoja nieleze.

Mama yangu alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Puge. Baba yake alikuwa mpagazi, wale waliobeba mizigo ya misafara kwa miguu kutoka kwetu mpaka Bagamoyo, kabla reli haijafika. Baba yangu yeye alikuwa wa ukoo wa Ujiji, watu wa kanzu na chuo, waliojiita waungwana. Kwao, binti wa mpagazi alikuwa mtu wa kuangaliwa kila anapogeuka.

Siku hizi mnasema uungwana mkiwa na maana ya tabia njema. Kwetu lilikuwa neno la kuchapia watu. Mwanamke akicheka kwa sauti, akikaa vibaya, akidondosha chakula, basi wanatazamana. Hawasemi kitu, ila wewe umeshajua wanachosema.

Kwa hiyo mama akajifunza adabu kuwazidi wenye nayo. Hasa adabu ya kula. Mkono wa kulia, vidole vitatu, punje isianguke. Sijawahi kumwona ametia mkono wa kushoto kwenye chakula, hata akiwa peke yake jikoni.

Kazi yake ilikuwa vitumbua. Anatwanga mchele mwenyewe, anachoma, anapeleka stesheni kwa abiria wa Kigoma na wa Mwanza. Mwanamke yule hakuwa na saa ya kukaa. Kisimani, kinuni, stesheni, sokoni, yote kwa miguu. Baba alikuwa fundi kofia, mtu wa kukaa barazani, na kwa kweli nyumba ilikuwa inaenda kwa vile vitumbua.

(Wenye kutaka mwaka, sura ya Malkia ilikuwa bado ngeni kwenye stempu. Hesabu fanyeni wenyewe.)

Asubuhi moja alikuwa anageuza vitumbua, mimi naongeza kuni. Kijiti kikamtoka mkononi. Akakiokota, kikamtoka tena. Akanitazama, nikaona mdomo umeenda upande mmoja. Kabla sijasema kitu akaanguka kando ya kinu. Nashukuru hakuangukia kwenye mafuta.

Mtaani wakasema ni upepo mbaya umempitia. Baba akamleta mwalimu wa chuo cha Kurani, akaandika kombe, yaani aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji mama akanyweshwa. Akaja pia dresa mmoja, msaidizi wa daktari wa enzi zile, jirani yetu pale Gongoni, na kaptura yake ya kaki. Yeye alisema ni damu ya kichwani, mgonjwa apumzike asichoshwe. Simlaumu, ndivyo walivyofundishwa wakati ule.

Mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimelala. Ulimi ukawa mzito. Sisi tuliomzoea ndio tulimwelewa.

Siku ya kwanza alipoweza kukaa nilimpelekea wali. Mimi nikiwa na miaka kama kumi na sita, nikaona akili ni kumwekea kijiko mkono wa kushoto.

Akakiweka chini.

"Wa kulia," akasema, maneno yanavutana.

Akaushika mkono wake uliolala kwa ule mzima, akauburuta mpaka kwenye sahani. Vidole havikunji. Akawa anausukuma wali kwa vidole vile kama mtu anayezoa unga uliomwagika, anashusha kichwa, anapata punje chache, nyingine zote kifuani. Chakula kilipoa. Kesho yake tena vile vile. Kesho kutwa vile vile.

Naomba mnielewe hapa. Mama hakuwa mtaalamu wa chochote. Hakujua habari za ubongo kujifunza. Alikuwa anaogopa tu kuonekana hana adabu, hata mbele yangu mimi mwanawe wa kumzaa. Lakini hofu ile ile ndiyo ilikuwa inamtibu.

Maana vidole vilianza kukutana. Polepole sana, ila vilianza. Na mguu nao. Akawa anaegemea ukuta wa uani, kutoka mlango wa jikoni mpaka chooni na kurudi, anaugombeza ule mguu kwa Kinyamwezi. Lugha hiyo alikuwa haitumii baba akiwepo. Baba alikuwa barazani anasikia, akaendelea kushona kofia.

Kuna siku nikachoma vitumbua mimi. Akachukua kimoja kwa mkono ule ule, akakipandisha huku kinatetemeka, kikafika mdomoni. Akauma. Akatafuna weee, mimi nasubiri.

"Mafuta mengi," akasema.

Tulicheka mpaka nikalia. Siku ile nilijua mama yangu atarudi stesheni.

Halafu akaja shangazi.

Shangazi Zaituni, dada yake baba, alikuja kwa treni kutoka Kigoma. Alishuka na sanduku, mkeka, dagaa wa zawadi, na mapenzi. Nayasema mapenzi kwa sababu yalikuwa ya kweli, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Angekuwa mtu mbaya ningemchukia nikapumzika.

Siku ya pili walikuja wanawake wa mtaani kumwona mgonjwa. Sinia likaletwa. Mama akajivuta, akaanza kazi yake ya kula. Wali ukamwanguka kifuani, mwingine kwenye mkeka. Wale wanawake wakatazamana.

Shangazi aliona wanavyotazamana. Walipoondoka akaniita.

"Kuanzia leo wifi yangu hatii mkono kwenye sinia. Atalishwa. Hatuwezi kumwacha adhalilike namna hii na sisi tupo."

Nikamwambia, "Shangazi, mama anakula mwenyewe. Mwanzo alikuwa hawezi kabisa, sasa anaweza."

"Ndiyo kula kule?"

Akauchukua ule mkono, akaufunga kifuani kwa kanga, vizuri, kwa upole, kama anavyofungwa mtoto mchanga. Akamlaza. Akamwambia maneno haya, ninayakumbuka yote: "Pumzika, wifi yangu. Umehangaika sana maishani."

Mama akasema, "Niache." Ulimi ule ukalivuruga neno. Shangazi akasema anaomba maji, akamnywesha.

Nilikwenda kwa baba barazani. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kitumbua. Hakuinua macho kwenye kofia yake.

"Dada yangu ameuguza watu wengi. Wewe unataka watu waseme tumemtupa mama yako ajihangaikie mwenyewe, kwa kuwa hana ndugu mjini?"

Mnaona. Binti wa mpagazi, akijilisha mwenyewe hana adabu, na akiachwa ajilishe basi sisi ndio hatuna. Yeye alikuwa anataka nini, hakuulizwa.

Basi akalishwa. Kijiko baada ya kijiko, mdomo unafutwa kila mara. Chooni haendi tena, akaletewa beseni. Ukuta wa uani hakuugusa. Nguo zake safi, shuka safi, chumba kinafukizwa udi. Kila anayeingia anasema, huyu mgonjwa kapata muuguzi. Na mimi nikapelekwa kwenye vitumbua vyake, nikawa nashinda jikoni na stesheni.

Wakuu, kuna siku moja siwezi kuisahau.

Shangazi alikuwa ametoka kwenda msibani, mtaa wa pili. Nikaingia chumbani. Mama akanitazama, akashusha macho kwenye ile kanga kifuani, akanitazama tena. Nikaelewa. Nikafungua fundo.

Mkono ulikuwa umejikunja kama mguu wa kuku. Kucha zimeingia kiganjani. Akaushika kwa ule wa kushoto, akajaribu kuvinyoosha vidole, kimoja kimoja. Havikukubali. Akajaribu tena, uso umemtoka jasho. Nikaleta kitumbua nikakiweka juu ya kiganja. Kikabingirika kikaanguka kitandani.

Akakiangalia. Kisha akachukua ile kanga mwenyewe, akaufunika mkono wake.

Jioni shangazi aliporudi na kijiko, mama alifungua mdomo bila ubishi. Na hakubisha tena mpaka mwisho. Watu wakasema sasa ametulia.

Mgongo ukatoka vidonda. Akanyauka. Kipupwe kilichofuata tukamzika.

Pale msibani wanawake walimzunguka shangazi. Wanamshukuru, wanambusu mikono. "Umemuuguza, dada. Hakudondosha hata punje." Nilisikia kwa masikio yangu, nimebeba ndoo ya maji. Nilitamani niimwage pale pale katikati yao. Sikuimwaga, nami nilikuwa nimeshafundishwa uungwana.

Nilipozaa binti wa kwanza, baba akaagiza aitwe Zaituni, kwa heshima ya dada yake. Ndilo jina lake mpaka leo. Nimeliita jina lile kila siku ya Mungu.

Sasa tuje huku kwenu kwenye mambo mapya.

Mwaka jana kiharusi kikanikuta mimi. Nilikuwa nachambua mchele, ungo ukanitoka mkononi. Upande ule ule, wa kulia. Presha nilikuwa nayo, dawa nilikuwa nameza nikikumbuka, na kutwa nzima nilikuwa kwenye kochi na simu. Hapo najisema mwenyewe, wajuaji msihangaike.

Nilipotoka wodini nikapangiwa fizio, mtaalamu wa kurudisha viungo kwa mazoezi, msichana mdogo, mchangamfu. Siku moja akanivalisha soksi nene kwenye mkono wangu mzima, akaufunga usitumike. Akaniwekea sahani ya wali mbele. Akasema, "Bibi, leo utakula kwa huu wa kulia. Ukimwagika usijali. Acha umwagike."

Nikaanza kulia. Nililia vibaya, kwa sauti, mpaka wagonjwa wengine wakageuka. Akadhani nimeumia bega.

Nikamwambia, "Mwanangu, mama yangu alikuwa anafanya hivi hivi. Zamani, kabla hata mama yako hajazaliwa."

Akashangaa. "Kwani alikuwa na fizio?"

"Alikuwa na adabu," nikamjibu.

Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ndiyo maana naeleza hapa.

Funzo langu, mlichukue mnavyotaka. Mwenye mgonjwa wa kiharusi ndani, muwahishe hospitali, usikae na habari za upepo. Akitoka, waulize wataalamu nini aanze kufanya mwenyewe, kisha mwache akifanye. Atachelewa. Atachafua nguo. Utaona aibu mbele ya wageni. Hiyo aibu ni yako, imeze, usimfungie yeye kwenye kanga. Na ninyi wenye miguu mizima mnaosoma hapa mmelala kwenye kochi, inukeni mzunguke hata uani.

Atakayeniambia namsema vibaya marehemu, aseme tu, nitamsoma. Atakayesema shangazi hakujua, najua hakujua. Naye karibu. Ila nyinyi mliowahi kulishwa na kufungwa wakati mnaweza, ninyi ndio nataka kuwasikia zaidi.

Jana mchana walikuja wageni kuniona. Zaituni, binti yangu, akatenga chakula. Ni mtoto mzuri, ananipenda kupita kiasi. Alipoona wali umeanza kunianguka kifuani akasogea na kijiko, akaniambia taratibu wageni wasisikie, "Pumzika, mama. Umehangaika sana maishani."

Maneno yale yale. Hakufundishwa na mtu, shangazi alikufa yeye akiwa ananyonya.

Nikakichukua kile kijiko nikakiweka chini ya paja langu, nikakikalia. Nikaendelea kula. Nusu ya wali ilikwenda kwenye mkeka, wageni wakatazamana, na Zaituni akainuka kuleta ufagio.

Nikamwambia, wali uache hapo hapo, wauone.